Mlango Unaosikiliza Maumivu

Sheria ilimpa kila mgonjwa wa dharura haki ya kutibiwa papo hapo, na mlango wa hospitali ndio ulioipima dharura, kwa sauti ya maumivu. Shemsa, aliyeshikwa na uchungu wa uzazi tangu alfajiri, alisimama mbele yake akiuma kanga, damu ikimchuruzika miguuni.

“Piga kelele, mwanangu,” alisihi Bi Zume, kungwi wake.

“Si wewe uliyenifunza mwanamke halii?”

“Nimeyafuta hayo. Lia.”

Shemsa akajaribu.

“Sauti ya kuigiza,” mlango ukajibu.

Shemsa akaanguka. Bi Zume akapiga yowe ambalo hakujua kama analo. Mlango ukafunguka, machela ikatoka yenyewe, ikampita Shemsa, ikamnyanyua Bi Zume na kumwingiza ndani. Mlango ulipojifunga, Bi Zume akatega sikio. Nje, Shemsa alikuwa kimya, kama alivyomfunza.