Aliyetumwa na Sughra

Onyango alijifunga kiganja kwa kitambaa cha madhabahu, lakini damu haikukoma. Kioo kilikuwa kimemkata alfajiri, maofisa wa uhamiaji walipobisha hodi na yeye akatorokea dirishani. Mchana akajichanganya na watalii waliokuja kutazama kanisa la kale la chuo kikuu. Walipotoka wakipigana picha, yeye alibaki amelala chini ya benchi la nyuma.

Kwake, kurudishwa Kenya kulikuwa sawa na kuchinjwa. Waliomkata mapanga kaka yake kule Migori walikuwa wameapa kummaliza na yeye.

Mtu pekee aliyejua maficho yake ni Sughra, mama wa Kitanzania aliyempangisha chumba katika mtaa wa Flemingdon Park, huku ugenini. Onyango alikuwa amempigia akimwomba amtafutie wakili, na Sughra akamjibu amwachie yeye. Sasa simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti.

"Onyango mwanangu, tulia hapohapo kanisani. Askari anakuja kukuchukua. Amevaa koti jeusi. Nakuomba usimkimbie."

Aliusikiliza mara mbili. Mwaka mzima amekula pilau ya mwanamke huyu, amembebea mizigo, amemwita mama, leo kamuuza mchana kweupe. Alimchukia kuliko hata wale wa mapanga. Akanyakua kinara cha shaba kando ya madhabahu, akajibanza nyuma ya mlango.

Mlango ukafunguka. Koti jeusi.

"Onyango?" mtu yule aliita kwa Kiswahili, taratibu. "Nimetumwa na Sughra."

Kumbe serikali hii imeajiri mpaka Waswahili. Mtu akaingiza mkono ndani ya koti, na Onyango hakungoja kuziona pingu. Kinara kilimpata juu ya sikio. Akapiga magoti, akajaribu kusema neno. Onyango akamtandika tena, mdomoni, na tena, na tena, mpaka mkono ukamlegea na sakafu ya mawe ikawa utelezi.

Mtu hakujitikisa tena. Mkono wake ulikuwa umetoka kotini, umeshika bahasha. Onyango akaichana. Ndani mlikuwa na karatasi yenye jina lake na muhuri wa mahakama: asiondolewe nchini mpaka kesi yake isikilizwe upya.

Juu yake ilibanwa kadi ndogo iliyoloa damu. Aliifuta kwa kidole gumba, akasoma: Askari Kassamali, Wakili.