Viti Kumi na Viwili

Corinne Kemp alifika mahakamani amevaa fulana ile ile iliyomfukuzisha shule, ila safari hii ameigeuza, maandishi yakaelekea mwilini. Yalikuwa swali moja tu: NANI ALIMWACHA JOEL JUANI? Joel, mchezaji wa timu ya shule, alianguka mazoezini mwezi wa Agosti, asiinuke tena.

Jaji akiamuru arudishwe leo, Corinne atafanya mitihani ya mwisho Jumatatu, na nafasi yake ya chuo cha uuguzi itabaki. Asiporudishwa, imekwenda.

Mama yake, Loretta, aliketi nyuma yake, mikono mapajani.

Wakili wa shule, Bwana Haskell, alisimama bila haraka.

"Mheshimiwa, miaka ishirini na sita iliyopita, katika wilaya hii hii ya jimbo la Ohio, mvulana alisimama katika ukumbi wa shule mbele ya wanafunzi wenzake akamlaumu mkuu wa shule. Viti vikarushwa. Mahakama ya rufaa ikaamua kwamba shule ina haki ya kuyazuia maneno ya namna hiyo kabla hayajazaa fujo. Kila jaji wa hapa ameifuata hukumu ile."

Jaji alimgeukia wakili wa Corinne.

"Bi Pruitt, siwezi kuivuka hukumu ya mahakama iliyo juu yangu. Nakupa nusu saa. Nionyeshe kesi ile inapoachana na hii."

Nje, kwenye korido, Haskell alipita na kikombe chake cha kahawa.

"Dada yangu, ndiyo umeleta fulana kupigana na hukumu?"

"Nenda zako, kaka. Kahawa yako inapoa."

Alipokwisha kupita, Pruitt alizitandaza karatasi juu ya benchi. Tabasamu la utani lilikuwa limefutika.

"Ushahidi wa fujo yote ile umesimama juu ya mtu mmoja," alisema. "Msichana wa miaka kumi na saba, shahidi pekee. Wenye umri huo mahakama huwaandika kwa herufi mbili tu za majina yao, na jalada lenye majina kamili limefungwa kwa amri ya mahakama. Hata nikimtafuta mwaka mzima, simpati."

"Mama, twende nyumbani," Corinne alisema. "Mimi sisikii kitu tena. Wala hasira sina."

Loretta hakuinuka. Aliivuta karatasi ya ushahidi kwa ncha ya kidole, akaisoma mpaka mwisho, akairudisha mahali pake, pembe kwa pembe.

"Msichana huyu amesema viti vingapi vilirushwa?"

"Kumi na viwili," Pruitt alisema. "Ameapa kwamba alivihesabu."

"Kumi na viwili alivitaja mkuu wa shule wa wakati ule," Loretta alisema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Mimi niliapa tu. Ukumbi wa shule ile hauna kiti hata kimoja, Bi Pruitt. Ni mabenchi, na yamepigiliwa sakafuni."