Asali ya Mkesha wa Noeli

Dionis, karani wa boma, alichovya kidole katika kibuyu cha asali, akalamba. Asali ilikuwa safi. Akaitema hata hivyo, mbele ya soko zima la mkesha wa Noeli, ili ashushiwe bei.

"Umetia maji, we mama! Mwizi mkubwa!"

Muuzaji alijifunika kanga usoni, akampa mgongo. Watu wakacheka.

Mkewe Dionis akatokea na kuku kwapani, akapiga magoti mbele ya muuzaji, pale pale kwenye tope.

"Shikamoo, mama! Umefika lini kutoka Goweko?"

Miaka sita Dionis alikuwa akiinamisha macho mbele ya mama mkwe wake, kama heshima inavyotaka. Uso wake hakuujua. Mama mkwe, yeye, alimjua Dionis tangu alipofungua mdomo.

Kidole kilikuwa bado kinanata. Hakujua akiweke wapi.