Sauti ya Kuamkia

Dena alisimama kando ya kitanda, mikono mgongoni kama mtoto wa shule, akijizoeza maneno ya kumwamshia mkewe. "Dorcas, amka, ni mimi." Akakohoa, akaanza upya. "Mama Lewis, amka, yamekwisha." Wanawake wa wadi walicheka hadi wakashika mishono yao. Dorcas peke yake hakucheka.

Wazo lilikuwa la Daktari Gachanja, yule wa kulaza watu usingizi. Alipita wadini jioni ile, akawaeleza kwa upole kwamba utafiti wa karibuni umeonyesha jambo. Mgonjwa anapotoka kwenye nusukaputi huweza kuamka na fujo, akirusha mikono na kuweweseka. Lakini akisikia sauti ya mtu wake, hutulia. Kwa hiyo hospitali imeanza kumruhusu ndugu mmoja avae nguo za kijani na barakoa, akae na mgonjwa anapozinduka. Dena hakungoja kuulizwa. Alisema ataingia yeye, na kama ni sauti, yake husikika kutoka Sabaki hadi Malindi mjini.

Dorcas aliuliza kama hawezi kudungwa sindano ya mgongo tu, abaki macho. Daktari akasema uvimbe wa kizazi chake ni mkubwa, kizazi chenyewe kitatolewa, na kazi itakuwa ndefu. Heri alale.

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo Idah, mwanakwaya aliyepasuliwa siku chache nyuma. Alimsimulia Dorcas, huku akijicheka mwenyewe, kwamba aliamka akimwita mchungaji wake mwizi, akazitaja na dhambi nyingine, shemasi yuko pale pale anasikiliza. Yeye mwenyewe hakumbuki hata neno moja.

"Dawa ile haibishi hodi, dada," alisema. "Huijui ikiingia, huijui ikitoka, na katikati mdomo si wako."

Hapo Dorcas akaingiwa na hofu. Alikuwa na neno alilolifungia kinywani tangu Lewis akiwa tumboni. Lewis ndiye mtoto pekee wa Dena, na baada ya operesheni hii hapatakuwa na mwingine. Dena alimpenda mtoto yule hadi watu wakamcheka. Alimbeba mabegani hata sokoni, na kila aliyekutana naye alionyeshwa lile paji la uso. "Tazama, ni babu yake mtupu." Hapo Dena hakukosea.

Neno lile likitoka, Lewis atakosa baba na Dorcas atakosa nyumba. Panga nalo, lililochomekwa kwenye makuti ya paa, huenda likatoka. Lakini kumkataza Dena asiingie kulikuwa vibaya vilevile, kwa sababu mume aliyekatazwa huuliza kwa nini, na Dena hakuwa mtu wa kuuliza mara moja akanyamaza. Ilibaki njia moja: amwambie daktari mwenyewe, ndani, mahali pasipo na sikio la nyumbani, ili yeye ndiye amzuie. Madaktari wamesikia makubwa kuliko hayo, na wamekula kiapo. Mficha uchi hazai, alijiambia.

Asubuhi Sanga, mdogo wake Dena, alikuja na Lewis kumtakia heri. Alisimama mlangoni akiangalia sakafu, mtoto amemshika kidole. Dena akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, akawaita jeshi lake. Kisha machela ikaja.

Sista Fridah alimsukuma hadi chumba chenye baridi. Dorcas akamwomba amwitie daktari, ana neno naye la siri kabla hajalazwa. Sista akasema daktari yuaja sasa hivi, akaisukuma dawa kwenye mrija wa mkono. Ya kutuliza moyo tu, alisema. Dorcas akafumba macho kuomba.

Alipofumbua, macho yalikuwa na ukungu, na koo limemkauka, maana tangu jana hakuruhusiwa hata funda la maji. Baridi ilikuwa imezidi. Kando yake alisimama mwanamume aliyevaa kijani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, barakoa imepanda hadi chini ya macho. Alikuwa akiinama kutaka kusema kitu. Dorcas akamshika mkono wa nguo.

"Usiseme, daktari. Nisikilize kwanza, kabla hujanilaza."

Mwanamume akanyamaza.

"Mume wangu asiingie, nakuomba. Nikiweweseka nitasema, na mimi sitaki ajue. Lewis si mtoto wake. Ni wa Sanga, ndugu yake."

Sauti ilimtoka kwa mikwaruzo, lakini ilitoka. Alieleza jinsi Dena alivyokwenda kufanya kazi Mariakani masika yale, na nyumba ikabaki na watu wawili. Alieleza walivyoapa kunyamaza. Akasema na lile ambalo hakukusudia kulisema, kwamba jambo lenyewe halijaisha, na kwamba kila Dena akienda shambani kulala kulinda mahindi, Sanga huja.

Mwanamume aliinamisha kichwa. Alikuwa ameushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Dorcas aliona hiyo ni huruma ya mtu aliyezoea kubeba siri za wenzake, akasikia mwili wake mwepesi, wepesi ambao hakuupata tangu awe mke wa mtu. Alitamani kumbusu ile mikono.

"Sasa nilaze, daktari. Siogopi tena."

Pazia likavutwa. Sista Fridah aliingia akitabasamu, akafunua shuka, akaitazama bandeji ya tumboni. Alisema haina damu, uvimbe umetoka wote, na daktari amefurahi sana. Kisha akamgeukia mwanamume.

"Na wewe, Baba Lewis, mbona umenyamaza? Zungumza naye. Anahitaji kusikia sauti yako."