Kidole cha Mwisho

Siku hizi kila anayechanjwa hupewa hisa ya kampuni ya chanjo. Wakurugenzi wakidanganya, kesi haisikilizwi mpaka wenye hisa wote waweke kidole gumba, na kwa kesi hii nilibaki mimi tu.

Jirani yangu Mwanahawa akaja na mashine ya mahakama.

“Shoga, weka kidole.”

“Watamfunga maisha Tunu wangu.”

“Alijua chanjo imeharibika, akatuambia nzima. Na mimi ndiye niliyemwogesha siku arobaini zote alipozaliwa!”

Mjukuu wake, aliyeuawa na chanjo hiyo, nilimwosha mimi kabla ya kuvishwa sanda.

Nikaweka kidole.

“Mshtakiwa ni nani kwako?” mashine ikauliza.

“Mwanangu.”

“Jibu hilo halikubaliki. Jibu kama mwenye hisa.”

Mwanahawa akajifunika uso kwa kanga.

“Mkurugenzi wangu,” nikasema.