Sikio la Jikoni

Ukiomba kusoma shahada ya uzamili, chuo kinakupandikizia sikio nyumbani kwa siku arobaini kabla ya usaili, ili jopo lisikie unavyoishi na watu. La kwetu lilipandikizwa kwenye ukuta wa jikoni. Lilikuwa la nyama, lenye vinyweleo na joto, na kila asubuhi lilitoa nta ya njano iliyonuka kama samli iliyochacha. Nikiliona tu, nilisukuma bakuli la uji kando. Mama ndiye aliyelisafisha kwa pamba, taratibu, kama anaogesha mtoto mchanga, huku akiliongelesha. Kinyaa kitupu!

Mimi nilikula nimeziba masikio kwa spika za masikioni, nikikariri maswali ya mtihani wa kuingilia. Mama akitaka kusema kitu, nilimnyooshea kiganja asubiri.

Mtihani niliupasua. Kwenye usaili, mwenyekiti wa jopo aliniuliza swali moja tu.

"Tunu, goti la mama yako linaendeleaje?"

Sikujua kama alikuwa anaumwa goti.

"Limepona," nikasema. Wakatazamana, wakatabasamu kama watu waliosikia uongo, lakini kwa alama zangu za mtihani wakanipa nafasi.

Juzi fundi wa chuo alikuja kulibandua lile dude. Mama alisimama mbele yake akichechemea, pamba mkononi.

"Liache, baba."

"Mama, tulishalizima," fundi akasema. "Halisikii kitu."

"Najua," mama alisema, akaligeukia na kulifuta nta bila kunitazama. "Lakini hili halininyooshei kiganja."