Sare ya Kijani

Cherehani ilishafika kizingitini, mnunuzi kaishika huku, mama fundi kaishika huku. Pesa yake ingemlipia binti yake ada ya chuo binafsi, kwenye madarasa ya watu wachache.

"Mama, subiri." Binti alikuwa na kitambaa cha kijani kwapani, rangi ya sare za chuo cha serikali. "Nishonee hiki kwanza."

"Huko mtabanana kama dagaa, mwanangu!"

"Nitawahi kiti cha mbele, hata nikilala hukohuko. Wewe je, bila hii utaamkia nini?"

Mama akatazama kanyagio la chuma. Lilikuwa limelika, likachukua umbo la wayo wake.

Akashusha upande wake taratibu.

"Kaka, niwie radhi," akasema, huku akivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake. "Na wewe, nyoosha mikono."